Kuaka na Kujenga: Msamiati wa Waashi na Ukarabati wa Nyumba za Mawe za Lamu

Neno mwashi halimpi taabu msemaji yeyote wa Kiswahili. Mwashi ni fundi wa kujenga kwa mawe, na kazi yake ni uashi. Lakini mwanafunzi akiulizwa nomino hii imetokana na kitenzi gani, aghalabu hukwama. Pika humzaa mpishi, andika humzaa mwandishi, cheka humzaa mcheshi. Kwa kanuni iyo hiyo ya k kugeuka sh mbele ya i, mwashi hana budi kuwa mwana wa aka. Na ndivyo ilivyo. Kuaka ni kujenga kwa mawe na chokaa, na kamusi za zamani, ya Steere na ya Johnson miongoni mwazo, zimekitaja kitenzi hicho kando ya jenga, ambacho asili yake ni kusimamisha nyumba ya miti, fito na udongo. Leo kila mtu hujenga, na waashi nao hujenga. Mwana yu hai, mzazi amesahauliwa.

Yaweza kudhaniwa kwamba hili ni jambo dogo linalowahusu watunga kamusi peke yao. Sivyo. Nyumba za mawe za upwa wa Afrika Mashariki zilisimama kwa kazi ambazo kila moja ilikuwa na kitenzi chake, na kitenzi hicho kilibeba ndani yake kipimo, muda na utaratibu wa kazi yenyewe. Inapofika siku ya kuitengeneza upya nyumba ya namna hiyo, anayeijua nyumba kwa majina ya vyumba vyake tu hawezi kuitengeneza. Dai la makala haya ni kwamba sehemu kubwa ya madhara yaliyozipata nyumba hizo katika karne ya 20 yalitokea pale kazi mpya ilipoitwa kwa neno la kazi ya kale, na tofauti baina ya kazi hizo mbili ikafichika ndani ya neno. Mfano utakaotumika zaidi ni mji wa Lamu, ingawa hapa na pale itabidi kuvuka hadi Unguja, kwa kuwa huko ndiko msamiati huu ulikoandikwa mapema zaidi.

Nyumba nyingi za mawe zilizosalia Lamu ni za karne ya 18 na ya 19. Kwa nje hazijionyeshi: ukuta mrefu, mlango, daka lenye mabaraza ya mawe pande mbili, basi. Uzuri wote umegeuzwa ndani. Mgeni hupita tekani, akatokea kiwanda kilicho wazi juu, na kutoka hapo vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiwa ndani zaidi na chenye giza zaidi kuliko kilichotangulia: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani, na katika nyumba nyingine nyumba ya kati. Katika kuta za vyumba hivyo mna zidaka, safu juu ya safu, zilizozungushiwa nakshi ya lipu ya chokaa. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi, aliitumia hali ya madaka ya majumba ya Pate, yaliyokwisha kuwa makao ya makinda ya ndege, kuwa hoja ya jinsi dunia isivyodumu. Msikilizaji wake hakuhitaji kuelezwa daka ni nini wala lilikuwa na thamani gani.

Vyumba hivyo ni virefu na vyembamba, na wasomi wa kwanza walioandika juu yake walijiuliza sababu. Jibu halimo katika dini wala katika desturi. Limo msituni. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko unaofaa kwa kazi hiyo hauruhusu nafasi ya zaidi ya kiasi cha mita 2.5 hadi 3 baina ya kuta mbili. Urefu wa chumba mtu aliweza kuuchagua. Upana uliamuliwa na mti. Ndiyo maana wafanyabiashara wa miti ya mikoko ya Lamu walikuwa na istilahi nyingi zilizopangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na mingine minene zaidi ya hapo. Boriti katika mpango huo si kila mti wa dari, kama wengi wanavyolitumia neno leo, bali ni daraja maalumu, mti wenye unene wa sentimita 11.5 hadi 13.5 hivi. Anayeagiza “boriti” na kuletewa mazio ameletewa dari itakayolegea.

Ukuta una masharti yake. Mawe ya matumbawe yaliyotumika yalikuwa ya aina mbili, na lugha iliyatenganisha. Kuna jiwe la nchi kavu, lililochimbwa katika miamba ya kale ya matumbawe, ambalo kwa Lamu lilitoka hasa kisiwa cha Manda na kuvushwa kwa mashua. Jiwe hilo ni gumu, lina umbo lisilo la kawaida, na ndilo lililojaza kuta zenye unene wa kiasi cha nusu mita. Kisha kuna tumbawe lenyewe, lililokatwa baharini likiwa bichi, maji yanapokupwa. Likiwa bichi hukatika kama ubao laini, na likikaa hewani huwa gumu. Hilo lilihifadhiwa kwa mahali palipohitaji wepesi au nakshi, kama vile fremu za milango, matao, mihirabu na dari. Steere alipolieleza tumbawe alitaja hasa kwamba hukatwa chini ya mpaka wa maji makuu na kwamba hutumika panapotakiwa wepesi. Katika maelezo mafupi ya kamusi aliweka elimu ambayo vitabu vingi vya baadaye viliiacha. Siku hizi jiwe lolote lenye asili ya bahari huitwa tumbawe.

Chokaa nayo ilitoka katika mawe yayo hayo. Magogo yalipangwa duara, vipande vya matumbawe vikawekwa juu yake, ukawashwa moto. Rundo hilo ndilo tanuu. Jiwe la matumbawe ni kalisiamu kabonati takriban tupu, na likifikishwa kwenye joto la karibu nyuzi 900 za selisiasi hupoteza hewa ya kaboni na kubaki chokaa kali, isiyogusika. Ndipo huzimwa kwa maji ya kumwagiwa au ya mvua, ikaachwa ikae, kisha ikachekechwa. Chokaa iliyokaa miezi kadhaa ni laini na hunata. Chokaa iliyoharakishwa ina chembe ambazo hazijazimika, nazo huja kuzimika zikiwa tayari ukutani, zikafutuka na kuibandua lipu. Katika ukuta, chokaa hurudi kuwa jiwe kwa kuinywa tena hewa ileile ya kaboni iliyoipoteza motoni, na huinywa polepole, kutoka nje kwenda ndani. Kwa hiyo haiwezi kupakwa nene kwa mara moja. Kila tabaka hungojea lililotangulia.

Ukuta uliokwisha kuakwa haukupigwa lipu papo hapo. Ulitomewa kwanza, yaani mianya baina ya mawe makubwa ilijazwa vijiwe vidogo na chokaa, mpaka uso ukawa sawa. Ndipo ikaja lipu, na juu ya lipu, katika nyumba za wenye uwezo, ikaja niru, tabaka jembamba la chokaa safi lililosuguliwa mpaka likang’aa. Kuaka, kutomea, kupiga lipu, kutia niru: hizi ni kazi nne, wala haziwezi kubadilishana nafasi. Lipu iliyopigwa juu ya ukuta usiotomewa ni nene mahali pengine na nyembamba pengine, hukauka kwa kasi tofauti, na hupasuka. Fundi aliyelijua neno alijua pia hatua. Lilipotoweka neno kutomea katika usemi wa kazini, hatua yenyewe ilianza kurukwa, na tundu lililokuwa lijazwe vijiwe likajazwa saruji.

Mfano ulio bora kuliko yote ni sakafu. Kwa Kiarabu, saqf ni paa au dari, kitu kilicho juu ya kichwa. Kwa Kiswahili sakafu ni kitu kilicho chini ya miguu. Wanaisimu huweza kuridhika kwa kusema kwamba maana imehama, lakini nyumba ya mawe inaeleza ni kwa njia gani ilihama. Juu ya boriti hupangwa vipande vya matumbawe, juu ya hivyo humwagwa kokoto na chokaa, na juu ya hayo hupita watu. Kitu kimoja ni paa la aliye chini na ni uwanja wa aliye juu. Mswahili aliyelipokea neno alilipokea akiwa amesimama ghorofani. Hata ghorofa yenyewe, ambayo kwa Kiarabu ghurfa ni chumba tu, ilipanda ngazi pamoja na jengo. Johnson anacho pia kitenzi sakifu, yaani kutengeneza sakafu ya mawe na chokaa, na hapana shaka kwamba kitenzi hicho kilihitajika, kwa maana kazi hiyo haikufanana na nyingine yoyote katika ujenzi.

Sakafu ilipigiliwa. Chokaa ikikauka hunywea, na ikinywea hupasuka. Dawa ya hilo ni kuishindilia ingali mbichi, ili maji na hewa vitoke na chembe zikaribiane. Wageni waliozuru Unguja katika karne ya 19 walistaajabu kuwaona watu wengi, wanawake kwa wanaume, wakiwa juu ya paa wamejipanga mistari, kila mmoja na kipande chake cha mti, wakipiga kwa pamoja kwa kufuata wimbo, siku baada ya siku. Kwa mgeni ilikuwa ngoma. Kwa mwashi wimbo ulikuwa chombo cha kazi kama mwiko na timazi: pigo likienda sawa, sakafu hushindiliwa sawa, na wapigaji hawachoki upesi. Neno kipande, ambalo Wakenya wa kizazi cha ukoloni walilijua kama kibati cha chuma cha shingoni chenye alama za vidole, Steere alilieleza miongoni mwa maana nyingine kama chombo cha kupigilia mapaa ya mawe. Historia ya nchi imefichika katika maana hizo mbili.

Hapa haifai kupita bila kutaja jambo ambalo wapenzi wa majumba haya hupenda kulikwepa. Watu waliochoma tanuu, waliovusha mawe kutoka Manda na waliopigilia sakafu jua kali, wengi wao walikuwa watumwa. Nyumba yenye misana miwili na zidaka za nakshi ilikuwa nyumba ya muungwana, na kuta zake zilikuwa kinga ya heshima yake. Mikono iliyoziaka haikuwa na haki ya kuketi barazani. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka wa 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907, gharama halisi ya sakafu moja ilionekana kwa mara ya kwanza. Hapo kabla mwenye nyumba hakuwa amewahi kuilipa. Baadhi ya waandishi husema ujuzi ulipotea kwa sababu vijana waliudharau. Ni kweli kwa sehemu, lakini ni vigumu kumlaumu mjukuu wa aliyepigilia kwa kulazimishwa ikiwa hakutamani kurithi kipande.

Na huenda hilo ndilo lililoathiri msamiati pia. Majina ya vyumba yalikuwa mali ya waungwana, yakaingia katika mashairi na katika mazungumzo ya watu wenye nasaba, na wasomi walipofika Lamu yalikuwa ya kwanza kuandikwa. Vitabu vya Garlake (1966), vya Ghaidan (1975 na 1976) na cha Allen na Wilson (1979) vimetupa picha nzuri ya mpango wa nyumba. Msomaji hutoka humo akijua sabule ni nini, na wikio ni nini. Akijua pia kwamba birika la choo liliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Vitenzi vya kazi, vilivyokuwa midomoni mwa watu wa chini, havikubahatika hivyo. Tena usanifishaji haukusaidia. Lahaja ya Unguja ilipochaguliwa Mombasa mwaka wa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka wa 1930, maneno ya Kiamu ya nyumba yalibaki kuwa ya lahaja: zidaka, tini na yuu zikasahihishwa shuleni kuwa vidaka, chini na juu. Hilo halikubomoa nyumba yoyote, lakini lilimfundisha mtoto wa fundi kwamba lugha ya babake kazini si lugha ya kuandikwa.

Inastahili kuuliza, basi, kwa nini mmisionari wa Kiingereza aliyajua maneno ya waashi vizuri hivyo. Edward Steere alichapisha kitabu chake cha lugha ya Unguja mwaka wa 1870. Miaka mitatu baadaye liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeisimamia kazi hiyo. Inasimuliwa hata leo kwamba alipokuwa safarini mafundi walisimamisha nguzo kadhaa za mawe miguu juu, na kwamba aliporudi aliziacha zilivyo. Lenye uzito zaidi ni paa. Steere alitaka paa la tao moja, pana kuliko boriti yoyote ingeweza kuvuka, na alilipata kwa kuchanganya matumbawe yaliyovunjwavunjwa na saruji iliyoletwa kwa meli kutoka Ulaya. Paa hilo lilikamilika mwaka wa 1879. Mtu yuleyule aliyetuhifadhia tanuu, tumbawe na kipande ndiye aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza, katika upwa huu, kuthibitisha kwamba chumba kinaweza kuwa kipana kuliko mti wa mkoko. Hakuna kejeli katika hilo. Paa hilo lilitengenezwa jipya, kwa ajili ya jengo jipya. Tatizo lilikuja saruji ilipopelekwa katika majengo ya kale.

Jina saruji lenyewe lina hadithi. Kule Oman na Uajemi, saruj ni mchanganyiko wa asili wa udongo uliochomwa, pengine pamoja na chokaa, uliotumika katika mifereji ya maji, mabirika na ngome, karne nyingi kabla ya Joseph Aspdin kuisajili saruji ya Portland nchini Uingereza mwaka wa 1824. Kiswahili kilipohitaji jina la unga wa kijivu uliokuja ndani ya mapipa na baadaye ndani ya mifuko, kilikuwa na neno tayari, neno lenye heshima na harufu ya mambo ya kale. Kiwanda cha Bamburi kilipoanza kutoa saruji mwaka wa 1954, bidhaa hiyo haikuwa tena ya kuagizwa ng’ambo. Ilipatikana karibu, iliganda kwa saa badala ya miezi, na haikuhitaji tanuu wala wimbo. Lau kama ingeitwa simiti tu, kama watu wengi wa mitaani wanavyoiita hadi leo, labda ugeni wake ungeendelea kusikika.

Ugeni huo uko hivi. Ukuta wa matumbawe na chokaa una vinyweleo. Hupanda unyevu kutoka ardhini, hupokea chumvi ya bahari, na huvitoa vyote viwili kupitia usoni kwa njia ya lipu ya chokaa, ambayo ni laini kuliko jiwe. Lipu ndiyo inayochakaa, nayo hupigwa upya kila baada ya miaka. Lipu ya saruji ni ngumu kuliko ukuta unaoibeba na haipitishi unyevu upesi. Maji hunaswa ndani. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kulila jiwe, mpaka siku lipu inapoanguka kama bamba ikiwa imeshika kipande cha ukuta. Wakati huohuo ncha za boriti, ambazo zimepachikwa ukutani na ambazo zilikuwa zikikauka pamoja nao, hukaa katika unyevu na kuoza mahali pasipoonekana. Mwenye nyumba huona dari imelegea, huiondoa, na kuweka zege lenye nondo. Zege ni zito, halikunjuki pamoja na kuta, na hewa ya chumvi huzifikia nondo. Chuma kikishika kutu huvimba, na kikivimba hulipasua zege lenyewe. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi iliyofanywa kwa nia mbaya. Kila moja iliitwa ukarabati.

Kwa bahati njema Lamu haikuachwa. Jumba la makumbusho lilifunguliwa huko mwaka wa 1971, uchunguzi wa Ghaidan ukafuata, na mwaka wa 1986 mji mkongwe ukatangazwa kuwa eneo la hifadhi, mwaka uleule ulipotoka mpango wa uhifadhi wa Siravo na Pulver. Ngome ya mji, iliyoanzwa karibu na mwaka wa 1813 na kumalizika 1821, ilikuwa gereza mpaka 1984 ilipokabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na kutengenezwa. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2000, na Lamu mwaka wa 2001. Katika kazi hizo chokaa ilirudishwa kuwa sharti, na mafundi wazee walitafutwa.

Hata hivyo, nadharia iliyotawala uhifadhi wa majengo kwa muda mrefu ilitoka Ulaya, na ilijali kitu kuliko kazi. Mkataba wa Venice wa mwaka wa 1964 ulisisitiza kuheshimu jiwe la asili, ukaruhusu njia za kisasa pale njia za jadi zinapoonekana hazitoshi. Neno “hazitoshi” lilikuwa mlango mpana. Kwa jengo la mawe makubwa ya kuchonga, kulilinda jiwe lenyewe ni jambo la maana. Kwa nyumba ya Lamu, ambayo lipu yake ilikusudiwa kupigwa upya na boriti zake kubadilishwa mojamoja kadiri zinavyochoka, kinachodumu si kitu bali ni namna ya kukitenda. Wajapani waliliona hilo zamani: hekalu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, na lilijengwa hivyo mara ya mwisho mwaka wa 2013, bila mtu yeyote huko kudhani kwamba hekalu limepotea. Si ajabu kwamba tamko lililokubali ujuzi na desturi ya kazi kuwa sehemu ya uhalisi wa jengo lilitolewa Nara, Japani, mwaka wa 1994. Mwashi wa Lamu angeshangaa kuambiwa kwamba jambo hilo lilihitaji mkutano.

Vikwazo vilivyobaki ni vya fedha, muda na sheria. Chokaa hungojewa, ilhali bajeti hufungwa mwisho wa mwaka. Fundi huambiwa amalize kabla ya chokaa kumaliza. Miti ya mikoko, ambayo kusafirishwa kwake nje ya nchi kulipigwa marufuku mwaka wa 1982, iliguswa tena na marufuku ya kukata miti ya mwaka wa 2018, na kwa muda mwenye dari bovu Lamu hakuwa na njia halali ya kupata boriti karibu na nyumbani kwake. Kukata tumbawe bichi baharini nako ni kuharibu miamba inayolisha wavuvi, wala hakuna mwenye busara atakayetaka kurudisha kila desturi jinsi ilivyokuwa. Kisha kuna jambo la kusikitisha kidogo: wanunuzi kutoka Ulaya, waliokuja tangu miaka ya sabini kununua nyumba Lamu na Shela, ndio walioweza kulipia niru na sakafu za kupigiliwa, na hivyo kuwapa mafundi kazi, ilhali jirani mzaliwa huziba nyufa kwa nusu mfuko wa saruji kwa sababu ndiyo anayoimudu. Ujuzi umeokolewa, lakini umehama mtaa.

Kwamba hatari si ya nakshi tu lilionekana Unguja tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilipoanguka katikati ya kazi ya kulitengeneza, na watu wawili wakafariki. Jumba hilo la Sultani Barghash, la mwaka wa 1883, liliunganisha kuta za matumbawe na nguzo za chuma zilizotoka ng’ambo, yaani mifumo miwili ya ujenzi katika jengo moja. Majengo ya namna hiyo ndiyo yanayomtaka mtengenezaji aijue kila kazi kwa jina lake, kwa kuwa ni lazima ajue wapi moja inaishia na nyingine inaanza.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotoka mwaka wa 1981, watu wengi wa taaluma hii waliipokea kwa furaha iliyostahili. Kazi inayodaiwa sasa ni ndogo kuliko hiyo, nayo ina haraka: kukusanya istilahi za waashi wa Lamu, Pate, Siyu, Mombasa na Unguja, pamoja na maelezo ya kazi kama yanavyotolewa na wanaoitenda, kwa lahaja yao, wakiwa kazini. Michoro ya ukarabati huchorwa kwa Kiingereza. Humfikia fundi kwa mdomo, kwa Kiswahili, asubuhi, punda wakiwa wamekwisha kuleta mchanga. Akiambiwa “tengeneza sakafu”, inambidi aulize ni ipi, ya kupigilia au ya kumimina. Na mara nyingi anayemwagiza hajui kwamba kuna mbili.